Hesabu ya Msitu: Kukata na Kupanda kwa Mpango

Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka wa 1962, wakulima wengi waliopewa mashamba katika skimu za Nyandarua wamekuwa majirani wa msitu wa serikali. Kuni hutoka humo, na nguzo, na mbao, na nyasi za ng'ombe wakati wa kiangazi. Maji pia: mto Malewa huanzia katika milima ya Nyandarua, ukapita kati ya mashamba yetu mpaka ziwa la Naivasha. Kwa hiyo namna msitu unavyokatwa na kupandwa si jambo la Bwana Misitu peke yake.

Yafaa kwanza kutofautisha sehemu mbili. Juu kuna msitu wa asili na mianzi, ambao kazi yake ni kushika maji. Huo haumo katika hesabu ya leo. Chini yake kuna miti iliyopandwa: saiprasi iliyoletwa kutoka Mexico, paini, na mikaratusi ya Australia. Hiyo ni mimea ya shamba kama viazi vyako, ila mavuno yake hukawia. Saiprasi ya mbao huachwa isimame kama miaka 30.

Sasa tufanye hesabu. Chukua msitu wa miti iliyopandwa wenye hekta 300. Ukitaka mbao kila mwaka bila kukosa, gawanya 300 kwa 30. Utakata hekta 10 kwa mwaka, na hizo 10 utazipanda tena mara moja. Hivyo msitu una vipande 30, kila kimoja na umri wake, kutoka miche ya mwaka huu mpaka miti iliyokomaa. Je, ukikata hekta 20 kila mwaka? Mwanzoni pesa zitakuwa nyingi. Lakini kila mwaka miti inayoangushwa itakuwa michanga kuliko ya mwaka uliopita, na baada ya miaka 15 mti mkubwa kabisa uliobaki utakuwa na umri wa miaka 15. Huo hautoi mbao za maana.

Kutokata kabisa kuna hasara yake vilevile, na jambo hili wengi hawalitambui. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, kwa sababu misitu ilikuwa imeharibiwa na mito ikapungua. Mwanzoni ilisemwa siku 90, lakini katazo liliongezwa tena na tena, na Rais akatangaza kuliondoa Julai 2023. Katika hesabu yetu, miaka mitano bila kukata ni hekta 50 za miti iliyopita umri wake, na pia ni vipande vitano vya miche ambavyo havikupandwa. Pengo hilo litaonekana tena miti ya leo itakapokomaa. Dawa yake si kukata hekta zote 50 kwa mara moja. Afadhali kukata 15 kwa mwaka kwa miaka kumi, ukianza na miti mikongwe, na kupanda kila mahali palipokatwa.

Hesabu kama hii ndiyo kiini cha mpango wa usimamizi. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inataka kila msitu wa umma uwe na mpango, na inawaruhusu wananchi wanaoishi karibu kuunda chama cha jamii cha msitu na kufanya mapatano na Shirika la Huduma za Misitu. Katika mapatano hayo ndimo zinamoandikwa haki za kuni, asali, malisho, na kulima kati ya miche bila kukaa msituni.

Kulima huko ni desturi ya tangu mwaka wa 1910 hivi. Mkulima hupewa kipande kilichokatwa miti, hulima viazi au maharagwe, na anapopalilia mazao yake hupalilia na miche pia. Baada ya miaka mitatu hivi kivuli hufunga naye hutoka. Mpango huu umewahi kupigwa marufuku zaidi ya mara moja, na sababu moja inajulikana: wapo waliokata mizizi ya miche kwa siri ili isikue, wapate kuendelea kulima. Mtu wa namna hiyo huwaharibia wenzake wote. Wengine huua miche bila kukusudia, kwa kupanda mahindi karibu nayo mno mpaka ikakosa jua, au kwa kuikwangua jembe likipita.

Katika mkutano wa chama, usiulize tu ni nani atapewa kipande. Uliza: Mwaka jana zilikatwa hekta ngapi? Zilipandwa ngapi? Miche mingapi ipo hai? Swali la mwisho ndilo huachwa mara nyingi, nalo unaweza kulijibu mwenyewe kwa kamba. Saiprasi ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, hekta moja huchukua miche 1,600. Pima mstatili wa mita 50 kwa 20, yaani sehemu moja ya kumi ya hekta, nawe utegemee miche 160 hivi. Hesabu iliyo hai. Ukipata 120, robo imekufa. Pima mahali pawili au patatu, maana kona moja yaweza kuwa imeliwa na wanyama na kona nyingine ni nzuri. Andika tarehe na namba ya kipande, umpe katibu wa chama na Bwana Misitu kabla ya mvua za masika, ili miche ya kujazia mapengo itolewe kitaluni kwa wakati. Ukingoja mwaka wa tatu, mche mpya utafunikwa na wenzake uliowakuta wamekwisha kuwa warefu.