Kwa Nini Kuchemsha Maji Hakuondoi Floridi

Kando ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, utawaona watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Sababu yake ni floridi, ambayo hutoka katika miamba ya volkano na kuingia katika maji ya visima na chemchemi. Mzazi huuliza, "Maji yetu twayachemsha kila siku, mbona meno ya watoto yanaharibika?" Jibu limo katika somo la kemia, mahali tunapojifunza jinsi atomu zinavyofungamana. Njia za kufungamana ni kadha wa kadha. Hapa tutatazama mbili.

Njia ya kwanza ni ya kushirikiana. Katika maji, atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni hushirikiana elektroni, zikawa molekyuli moja. Kifungo hiki cha ndani ni imara sana. Lakini mvuto uliopo kati ya molekyuli na jirani yake ni dhaifu zaidi. Basi maji yakifikia joto la digrii 100, au chini kidogo huko milimani, molekyuli huachana na kuruka kama mvuke. Angalia vema: zinazoachana ni molekyuli, wala si atomu zilizomo ndani yake. Mvuke bado ni maji.

Njia ya pili ni ya kutoa na kupokea. Atomu ya sodiamu hutoa elektroni moja, na atomu ya florini huipokea. Mtoaji huwa na chaji chanya, mpokeaji huwa na chaji hasi, na sasa zote mbili huitwa ioni. Chaji zilizo kinyume huvutana kwa nguvu, na kila ioni hushikwa na jirani zake wa pande zote. Ndiyo maana chumvi ya kula haiyeyuki kwa moto mpaka digrii 801, na floridi ya sodiamu mpaka digrii 993. Katika maji ioni hizo hutengana, kwa kuwa molekyuli za maji huzizunguka. Lakini haziwezi kuruka pamoja na mvuke.

Tupige hesabu. Una lita 10 za maji, na kila lita ina miligramu 4 za floridi. Jumla ni miligramu 40. Yachemshe mpaka zibaki lita 8. Miligramu 40 zote zingalimo, na sasa kila lita ina miligramu 5. Shirika la Afya Duniani lashauri zisizidi 1.5. Basi kuchemsha huua vijidudu, wala tusikuache. Ila floridi hakuiondoi.

Gamba gumu la jino limejengwa kwa ioni za kalsiamu, fosfati na haidroksidi. Ioni ya floridi ina chaji sawa na ya haidroksidi, na ukubwa wao wakaribiana. Kwa hiyo huweza kukaa mahali pake. Floridi kidogo hulikinga jino na asidi. Ikizidi, huharibu jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, na kwa hiyo hasa huwaumiza watoto wadogo. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Tabia iyo hiyo yatupa dawa. Mifupa ya ng'ombe ina ioni kama zile za jino. Ikichomwa ipasavyo na kusagwa, huwa chujio linalonasa floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimelishughulikia jambo hili. Lakini kazi hii yataka wataalamu, maana chujio huchoka na maji lazima yapimwe.

Nyumbani, tukinge maji ya mvua kwa bati na mapipa safi. Jua huinua maji na kuziacha ioni chini. Yakisha kuchemshwa, yafaa sana kwa kinywaji na chakula cha watoto. Tena tupunguze magadi ya kulainishia maharagwe, kwa kuwa mengi yana floridi.

Maswali
1. Maji ya bahari yakikaushwa na jua, kwa nini chumvi hubaki?
2. Je, kitambaa safi chaweza kuchuja floridi? Toa sababu.
3. Lita 12 zenye miligramu 3 kwa kila lita zikichemshwa zikabaki 9, kila lita itakuwa na miligramu ngapi?