Hesabu za Bafa: Kutoka Daftari la Kemia hadi Damu ya Mgonjwa

Miongoni mwa maswali ya kemia yanayowatatiza wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita ni yale ya bafa, yaani mchanganyiko wa asidi dhaifu na besi inayotokana nayo, ambao huzuia pH isibadilike sana inapoongezwa asidi au besi kidogo. Wengi hukariri mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch bila kutambua kwamba damu yao wenyewe ni bafa:

pH = pKa + log (besi ÷ asidi)

Katika damu, besi ni bikabonati na asidi ni kaboni dioksaidi iliyoyeyuka. Katika joto la mwili, pKa yake ni 6.1.

Swali la kwanza. Kila lita ya damu ya mtu mwenye afya ina milimoli 24 za bikabonati na milimoli 1.2 za kaboni dioksaidi. Tafuta pH.

Jibu. Uwiano ni 24 ÷ 1.2 = 20, na log 20 = 1.3. Hivyo pH = 6.1 + 1.3 = 7.4. Kiwango cha kawaida ni kati ya 7.35 na 7.45.

Swali la pili. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini hujaa asidi za ketoni mwilini, na bikabonati yake ikashuka hadi milimoli 12. Ikiwa kaboni dioksaidi haikubadilika, pH ni ngapi?

Jibu. Kosa la kawaida ni kuigawa 7.4 kwa mbili. Kilichopungua kwa nusu ni uwiano, ambao sasa ni 10; log 10 = 1, na pH = 7.1. Tofauti ya 0.3 huonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba ioni za haidrojeni zimeongezeka maradufu, na hali hiyo ni ya hatari.

Swali la tatu. Mgonjwa huyo akipumua kwa kina na kwa haraka hadi kaboni dioksaidi ikashuka kufikia milimoli 0.78, pH itakuwa ngapi?

Jibu. 12 ÷ 0.78 = 15.4, log 15.4 = 1.19; pH = 7.29.

Hapa ndipo hesabu inapofundisha tiba. Mapafu yamerekebisha uwiano, si chanzo cha tatizo: bikabonati ingali 12, na asidi zinaendelea kutengenezwa. Kwa hiyo, mgonjwa wa kisukari anayehema hivyo asidhaniwe kuwa amechoka tu au ana pumu. Mwili wake unapigania mlinganyo huo kwa kila pumzi, nao utachoka. Anapaswa kufikishwa hospitalini bila kuchelewa, apewe insulini na maji ya mishipani.