Mgeni Mpigania Haki na Nyumba Impokeayo

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo walivyosema wazee. Lakini yuko mgeni ambaye kuja kwake huleta mashaka, naye ni mtu aliyeacha kwao kwa sababu ya kudai haki za wenzake. Kumpokea ni wema. Kumpokea pasipo mpango ni kumtwisha mama mmoja mzigo wa kijiji kizima.

Sisi wa Ruanda, wilayani Mbinga, hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya kuikomboa Msumbiji vikaanza tarehe 25 Septemba 1964. Wakimbizi wakavuka Mto Ruvuma, na wengine wakafika ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Makazi yalifunguliwa Muhukuru na Lundo. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975.

Tena Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, wana kanuni iwatakayo wampokee mgeni kama Kristo mwenyewe. Kanuni hiyo haiishii hapo: yaagiza wawekwe wapishi wa wageni, nao waongezewe wasaidizi kazi inapozidi, wapate kutumika bila manung'uniko. Basi yafaa nasi tujifunze mambo manne.

Kwanza, pawe na kamati ndogo ijuayo nyumba ipi ina kitanda, na ipi ina mgonjwa au mtoto mchanga isiyofaa kusumbuliwa. Mgeni alale hapa siku mbili, kisha ahamie kwingine.

Pili, gharama zigawanywe. Anayelaza asiwe ndiye alishaye peke yake; majirani walete unga, kuni na sabuni. Wala mume asiahidi kitanda kabla ya kushauriana na mkewe, kwa kuwa ndiye atakayeamka alfajiri kuchota maji.

Tatu, ulimi uchungwe. Mwenyekiti wa kijiji ajulishwe, maana mpigania haki si mwizi wa kufichwa. Lakini jina lake lisitangazwe kilabuni wala sokoni. Hatari si hadithi. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililotiwa ndani ya kitabu, akiwa katika nyumba ya rafiki. Kwa hiyo kifurushi kisichojulikana kitokako kisipokelewe kwa niaba ya mgeni.

Nne, mgeni naye ana wajibu. Siku ya tatu mpe jembe. Asilete silaha nyumbani, wala asiwagombanishe wenyeji kwa siasa za kwao.

Nelson Mandela alipopita Dar es Salaam mwaka 1962, aliacha viatu vyake nyumbani kwa Waziri Nsilo Swai. Jamaa hiyo ilivitunza hata ikamrudishia mwaka 1995, baada ya kifungo chake kirefu. Uaminifu wa namna hiyo hauhitaji utajiri.

Enyi wazazi, msingoje mgeni abishe hodi usiku ndipo mtafute mkeka. Jumapili hii, kabla ya kutawanyika, kila jumuiya na iandike nyumba zake na vitanda vyake. Haki ya jirani hutetewa pia jikoni, nayo kazi ya jikoni ni ya wote.