Asiachwe Akining'inia



Ndugu zangu, somo la leo nalianzia mahali msipopatarajia: kwenye filamu. Inaitwa Le Passé, maana yake "Yaliyopita". Aliitengeneza Asghar Farhadi, Muirani, nchini Ufaransa mwaka 2013, na Bérénice Bejo akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes.

Kisa chake ni hiki. Ahmad, Muirani, alimuoa Marie wa Paris, kisha akarudi kwao. Baada ya miaka minne Marie anamwita aje kutia saini talaka, kwa sababu tayari yuko na mwanamume mwingine, Samir. Msomaji Muislamu ataona hapo mambo yasiyo halali, na ni kweli. Lakini tusiishie kuwanyooshea Wafaransa kidole. Ndoa ile iliachwa bila kufungwa wala kufunguliwa, na waliobeba mzigo ni waliobaki nyumbani, watoto wakiwemo.

Kwetu pwani

Mimi ni mtoto wa Mocímboa da Praia. Mama yangu mdogo aliolewa na mfanyabiashara kutoka Tanzania. Dini yao moja, na Kimwani na Kiswahili ni ndugu, wakaelewana. Walipotofautiana ni katika desturi: wazee wetu walitaka mkwe akae karibu nao, ilhali kwao mke ndiye anayehama. Jambo hilo halikuzungumzwa kabla ya nikahi. Mwaka 2015 akavuka Ruvuma, akasema anarudi baada ya mwezi.

Hakurudi. Oktoba 2017 mji wetu ukashambuliwa, na baadaye mama mdogo akakimbilia Pemba na watoto wawili. Huko akajitokeza mtu mwema, jirani mkimbizi kama yeye, akaposa. Shehe akauliza swali moja: "Talaka iko wapi?" Haikuwapo. Mjomba alihangaika na namba za simu karibu mwaka mzima mpaka akampata yule bwana. Jibu lake lilikuwa, "Mimi nilidhani ameshajua." Akatoa talaka mbele ya mashahidi, eda ikaanza kuhesabiwa siku ile. Mposaji hakusubiri.

Sharia inasema nini?

Katika Suratun Nisaa aya ya 129, Allah (SW) anawakataza waume kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa. Aya inazungumzia uadilifu baina ya wake, lakini katazo lake linamgusa pia anayemtelekeza mke mmoja. Suratul Baqara aya ya 229 inampa mume njia mbili tu: kukaa na mke kwa wema, au kumwacha kwa ihsani. Kunyamaza si njia ya tatu.

Mke naye hakufungwa. Ipo khului, na ipo faskhi, ambapo kadhi huivunja ndoa yenye madhara, kama vile kukosa matunzo. Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi zinazotambuliwa na dola. Sisi Msumbiji hatuna, na wengi wetu tunategemea shehe wa msikiti. Ndiyo maana tahadhari yetu inatakiwa ianze kabla ya nikahi.

Hapa chuoni tunasoma Wamwani, Wamakua, Wamakonde na wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Suratul Hujurat aya ya 13 inatukumbusha kwamba makabila yamewekwa ili tujuane. Basi tujuane kwanza: tutaishi wapi, watoto watalelewa na nani, na mmoja akisafiri atapatikana vipi. Yaandikwe, mawalii na mashahidi wayajue. Kuuliza hayo si kukosa mapenzi wala kumdharau mgeni.

Maswali ya darsa

1. Kuna tofauti gani baina ya talaka, khului na faskhi?
2. Mume akiwa nchi nyingine, familia ya mke ianzie wapi?
3. Ni masharti gani ungependa yaandikwe kabla ya nikahi yako?

Kaka zangu, kama yupo uliyemwacha akikungoja, mpigie simu leo. Rudi kwake, au mwache kwa wema.

Wabillahi tawfiq.