Kufundisha Umeme kwa Feni Kuukuu

Njombe ni mji wa nyanda za juu, wenye kipupwe kikali. Feni huko si chombo cha kutafutwa. Mtu ahamiaye kutoka Dar es Salaam akiwa na feni yake, aghalabu huiweka stoo. Makambako nako hukutana barabara ya Songea na barabara kuu iendayo Mbeya, pamoja na reli ya TAZARA, na mizigo mingi hupita hapo. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa sehemu hizi aweza kujipatia feni kuukuu bila gharama kubwa, na kuigeuza kuwa kifaa cha kufundishia au kazi ya klabu ya wanafunzi baada ya masomo.

Hata hivyo, feni hiyo si kitu cha kuchezea. Feni nyingi za zamani zina umbo la chuma, na waya wake una nyuzi mbili tu zilizovikwa mpira na kitambaa. Mpira hukauka na kupasuka kadiri miaka ipitavyo. Waya wa moto ukigusa chuma, feni yaweza kuendelea kuzunguka kama kawaida, na mwanafunzi aliye peku juu ya sakafu yenye unyevu akaishika na kufa. Basi yapasa somo lijengwe juu ya kanuni moja: feni izungukayo si lazima iwe feni salama.

Hatua ya kwanza: kuchunguza bila umeme. Plagi iondolewe kabisa. Wanafunzi wasome kibati cha feni: je, imetengenezwa kwa volti 230, au kwa volti 110 kama zile za Marekani? Kisha wazungushe mapanga kwa mkono. Yakiwa mazito, oili ya zamani imegandia kwenye bushi. Mota iliyokwama hupata joto, na koili zake huungua. Bushi zisafishwe na kutiwa oili nyepesi.

Hatua ya pili: kupima. Kipima umeme cha kawaida kitaonyesha kama njia ya umeme haikukatika. Lakini mwalimu aeleze kwamba kipimo hicho hutumia betri ndogo, hivyo hakiwezi kuthibitisha uzima wa kihami. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, kwa mega ya volti 500. Kati ya nyaya za umeme na umbo la chuma, ukinzani usipungue megaomu 1.

Hatua ya tatu: kubadili waya. Waya mpya uwe na nyuzi tatu: kahawia ni wa moto, buluu ni nyutro, kijani na njano ni wa ardhi. Wanafunzi waelezwe kwamba katika nyaya za zamani rangi hizo zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Rangi ya feni ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, ndipo waya wa ardhi ufungwe hapo kwa skrubu. Tundu la kuingizia waya liwekwe mpira, na waya ubanwe usivutike. Swichi ikate waya wa moto.

Hatua ya nne: hesabu ya fyuzi. Feni ya wati 50 kwa volti 230 hutumia ampea 0.22 hivi. Wanafunzi wakokotoe wenyewe, kisha waeleze kwa nini fyuzi ya ampea 3 yafaa kuliko ya 13.

Baada ya fundi kuridhika, mwalimu mwenyewe ndiye atakayewasha, wanafunzi wakiwa mbali. Feni ambayo wavu wake una nafasi za kupitisha kidole isiwashwe kabla haijawekewa kinga.

Tathmini. Tusimpe mwanafunzi alama kwa sababu feni yake imezunguka. Tumpe kwa maelezo yake: ameona nini, amepima nini, na ameamua nini. Kikundi kitakachotangaza kwamba koili zimeoza na feni haifai kuwashwa, kikatoa ushahidi wa vipimo, kimefuzu sawasawa na kile kilichofufua feni. Feni hiyo ifunguliwe na kuwekwa mezani darasani bila plagi, ili wengine wajifunze mota ilivyo ndani.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tuunganishe kazi na masomo. Katika umeme, kuunganisha huko ni kumzoeza kijana kuupa mkono ruhusa ya kugusa baada tu ya akili kuthibitisha.