Poda za "nguvu ya haraka": Zaingiaje mwilini?

Majuzi alinijia kijana mmoja mchezaji kandanda wa hapa Dandora, tumbo likimsokota na akiharisha. Mfukoni alikuwa na pakiti ya poda aliyouziwa uwanjani. Aliambiwa aikoroge nzito, ainywe kabla ya mechi, nayo ingeingia kwenye damu "kwa dakika mbili". Bei yake ingemlisha siku tatu.

Msomaji mpendwa, huenda mwanao naye amekuomba pesa za kununua poda kama hiyo. Kabla hujazitoa, hebu tufuate safari ya kinachomezwa.

Sukari haiingii damuni kupitia kinywani kwa kiasi cha maana. Ni lazima ishuke tumboni, nalo tumbo huiachilia kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba. Huko ndiko kwenye milango. Glukosi hupita mlango wake ikiandamana na sodiamu iliyo katika chumvi, na maji hufuata nyuma. Robert Crane alilieleza jambo hili mjini Prague mwaka wa 1960, na ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha. Kwa hivyo ile pakiti ya zahanati na kinywaji cha mwanariadha ni ndugu wa tumbo moja!

Lakini mlango huo una kikomo. Hupitisha takriban gramu 60 za glukosi kwa saa. Anayetaka zaidi huongeza fruktosi, yaani sukari ya matunda, ambayo ina mlango wake. Mwanariadha aliyejizoeza huweza kufikia gramu 90. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, alikuwa akipokezwa vinywaji vya wanga njiani.

Ukiikoroga nzito, mambo hugeuka. Tumbo hukawia kuiachilia, na utumbo huvuta maji kutoka damuni ili kuizimua. Mgonjwa wangu alikuwa akipoteza maji yale yale aliyoyahitaji uwanjani.

Je, aliihitaji poda hiyo? Mtu aliyekula vizuri ana akiba ya wanga ya gramu 400 hivi katika misuli na 100 hivi katika ini. Akiba hiyo hutosha kwa bidii ya saa moja na nusu au zaidi kidogo. Ugali wa jana usiku na uji wa asubuhi ndivyo vinavyocheza mechi. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwapa waendesha baiskeli maji ya wanga wayasukutue na kuyatema. Katika mbio za takriban saa moja waliongeza kasi, ingawa hawakumeza chochote! Ubongo ulihisi chakula kinakuja.

Poda nyingine hazina hata haraka hiyo. Kreatini huhitaji kunywewa siku kadhaa kabla misuli haijajaa. Kafeini huchukua kama dakika 45 hadi saa moja kufika kilele damuni, na wengine huwapiga moyo na kuwanyima usingizi.

Kinachonitia hofu zaidi ni pakiti isiyo na maandishi. Humo mwaweza kuwa na vichocheo vinavyodhuru moyo. Tena mwanariadha akipatikana navyo mwilini, kusema "sikujua" hakumwondolei lawama mbele ya wakaguzi wa dawa zilizopigwa marufuku.

Kwa mazoezi ya saa moja, maji yanatosha. Kwa mbio ndefu au mechi mbili za siku moja, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 12 vya chai vya sukari vilivyopigwa bapa na robo kijiko cha chumvi. Piga funda chache kila baada ya dakika 15 au 20, na ujaribu kwanza siku ya mazoezi, si siku ya mashindano. Mwenye kisukari amwone daktari wake kwanza.