Dhana ya Faragha na Watumiaji wa Intaneti wa China

Matangazo ya Kimagharibi kuhusu faragha aghalabu huisawiri dola kama mpelelezi. Wapo wanaodai kuwa ujumbe huo hauwavuti Wachina kwa kuwa hawajali faragha. Dai hili halina mashiko. Machi 2018, Robin Li wa kampuni ya Baidu aliposema kuwa Wachina mara nyingi wako radhi kuitoa faragha ili wapate wepesi wa huduma, alishutumiwa vikali na watumiaji wenyewe.

Neno la Kichina yinsi limeundwa na yin, 'kuficha', na si, 'ya binafsi'. Si hiyo hiyo imo katika zisi, 'mchoyo'. Kimaana, basi, yinsi inakaribia siri kuliko faragha, ingawa asili ya neno haiamui hisia za msemaji.

Tofauti kubwa zaidi ni ya mshtakiwa. Aprili 2021, mahakama ya Hangzhou iliamuru bustani ya wanyama ifute taarifa za uso na alama za vidole za mteja aliyeishtaki. Hapo anayelalamikiwa ni mfanyabiashara, na dola ndiyo mwamuzi. Ujumbe wa Kimagharibi humwondoa mfanyabiashara huyo kizimbani, kisha humpandisha mwamuzi. Hata hivyo, kuilalamikia dola hadharani nchini China kuna gharama; ukimya katika jambo hilo hauwezi kuchukuliwa kuwa ridhaa.